Appin Mbili na Ngome Moja

Mimi ni dereva wa basi, na kwangu ni Ingleburn, kusini-magharibi mwa Sydney. Ukitoka mjini kwa treni ya T8, ukishapita Glenfield unaingia Macquarie Fields, kisha Ingleburn, Minto, Leumeah, halafu Campbelltown, ambako mabasi yetu hupakia abiria. Juu ya kioo cha mbele huwaka jina la tunakokwenda: leo Airds, kesho Appin. Abiria wangu ni mchanganyiko wa dunia nzima. Wamo Wabangladeshi, Wahindi, Wasamoa na Wakongo, na sisi watu wa Mombasa hatukosekani. Lakini majina tunayopandia na kushukia si ya yeyote kati yetu. Kadhaa yanatokana na bibi mmoja wa Kiskoti, na huko kwao kuna ngome.

Ngome hiyo inaitwa Castle Stalker. Iko Appin, ile Appin ya kwanza, kwenye pwani ya magharibi ya Uskoti katika nchi ya Argyll. Nimekwenda kuiona, na yapo mambo ndani yake yanayomhusu mkaazi wa Ingleburn kuliko anavyodhani.

Mke, mume na ramani

Bibi mwenyewe ni Elizabeth Campbell, aliyezaliwa mwaka 1778 katika ukoo wa kina Campbell wa Airds, waliokuwa na shamba na jumba lao hapo Appin. Mwaka 1807 aliolewa na Lachlan Macquarie, ofisa wa jeshi mzaliwa wa Ulva, kisiwa kidogo kilicho ubavuni mwa kisiwa kikubwa cha Mull, si mbali na kwao. Harusi yao ilifanyika katika kijiji kiitwacho Holsworthy, mkoa wa Devon, kusini mwa Uingereza.

Macquarie akateuliwa gavana wa koloni la New South Wales, na akalitawala kuanzia mwaka 1810 hadi 1821. Alikuwa na pupa ya kuita vitu majina. Wilaya moja ya kusini mwa Sydney ikaitwa Airds, iliyoifuata ikaitwa Appin. Tarehe 1 Desemba 1820 akaja mwenyewe kuuzindua mji mpya, akauita Campbelltown kwa heshima ya ukoo wa mkewe. Rafiki yake mpima ardhi, James Meehan, akaliita shamba lake Macquarie Fields. Na ng'ambo ya mto Georges, mkabala na Ingleburn yetu, iko Holsworthy, yenye kambi kubwa ya jeshi na jina la kijiji cha harusi. Mtu akiwa na tikiti na subira anaweza kuizunguka ndoa ya watu hawa kwa basi.

Airds ya leo ni mtaa uliojengwa miaka ya 1970 kwa nyumba za serikali. Ya kwao bibi ni ng'ombe, majani mabichi na mvua.

Mnara katikati ya hori

Dada yangu ameolewa Glasgow, basi safari ilianzia kwake. Shemeji ndiye aliyeshika usukani; nami, kwa kuwa nimezoea kuendesha, nilikaa pembeni nikimkagua kila kona. Tulifuata ziwa Loch Lomond, tukavuka milima, tukateremka hadi daraja la chuma la Connel, halafu tukashika barabara ya pwani kuelekea kaskazini. Ghafla, hapo Portnacroish, miti ikafunguka upande wa kushoto na ngome ikawa hiyo.

Aliyelelewa kwenye kivuli cha Fort Jesus kule Mombasa hutarajia ngome iwe pana, yenye kuta za kuzunguka na mizinga. Castle Stalker ni mnara mmoja tu wa mawe ya kijivu, wa ghorofa nne, umesimama juu ya mwamba katikati ya hori liitwalo Loch Laich. Mwamba wenyewe haufiki hata nusu ya kiwanja cha mpira. Maji yakipwa, tope na mwani huonekana hadi karibu na mwamba. Yakijaa, hakuna njia ila chombo. Mtu wa pwani haelezwi mara mbili kwa nini wajenzi walipachagua hapo. Adui wa nchi kavu anazuiwa na maji, na adui wa majini anaonekana akiwa bado mbali.

Ngome hii ni mali ya familia binafsi, na wageni hupokewa kwa vikundi vidogo, katika majuma machache tu ya mwaka, kwa kuweka nafasi mapema. Mnavushwa kwa mashua ndogo ya injini, na saa za kuvuka hufuata maji kupwa na kujaa. Siku ile hapakuwa na upepo, na usubi ulitushambulia hata ndani ya nywele. Shemeji alidai kwamba usubi ndio walinzi wa mwisho waliobaki kwenye zamu.

Ndani ya kuta

Mlango wa ngome haupo chini. Upo ghorofa ya kwanza, na unaufikia kwa ngazi ya mawe iliyo nje. Zamani, mahali pa ngazi hiyo palikuwa na ngazi ya mbao inayoweza kuondolewa, mgeni asiyetakiwa akabaki chini akitazama juu. Juu ya mlango imechongwa nembo ya kifalme ya Uskoti, nayo imeliwa na upepo wa chumvi mpaka umbo lake unalipata kwa kupapasa kuliko kwa kutazama. Inasimuliwa kwamba Mfalme James wa Nne, aliyekufa vitani mwaka 1513, alikuwa akija hapa kuwinda. Kina Stewart wa Appin, wenye ngome, walikuwa damu moja na ukoo wa kifalme.

Ukiingia, kitu cha kwanza unachokishika ni unene wa ukuta. Nilisimama kwenye uwazi wa dirisha, nikanyoosha mikono mbele, na bado sikuufikia upande wa nje. Dirisha lenyewe ni jembamba. Huingiza mwanga wa kutosha kumtambua mtu, si wa kusomea barua. Chini kuna maghala ya chakula, na kando yake shimo la wafungwa, giza tupu. Katikati ni ukumbi wenye meko kubwa, ambamo mkuu wa ukoo alikula, alihukumu na kupokea wageni. Juu ni vyumba vya kulala, na juu zaidi paa, ambako mlinzi aliona chombo chochote kinachopita hori kubwa la Loch Linnhe.

Tulipanda kwa ngazi ya mzunguko ambayo watu wawili hawapishani. Aliyetangulia alikuwa mama mmoja mtu mzima mwenye fimbo, na sote nyuma yake tulisubiri kwa adabu, mguu baada ya mguu. Hapo ndipo unapoelewa ulinzi wa mnara: hata jeshi la watu mia likishaingia, litapanda mtu mmoja mmoja.

Wengine katika kundi letu walivutwa na sinema. Waigizaji wa kundi la Monty Python walimalizia hapa filamu yao ya kuchekesha ya mwaka 1975 juu ya Mfalme Arthur, na mashabiki wao wangali wanakuja kupiga picha.

Ngome kwa mashua

Kina Stewart waliujenga mnara huu katikati ya karne ya 15. Mwaka 1463 bwana mmoja wao, Sir John Stewart wa Lorn, alichomwa kisu siku ya harusi yake. Alikuwa akimuoa mama wa mwanawe ili mtoto ahalalike kurithi, na inasemwa aliishi kwa muda wa kutosha kukamilisha ndoa, ndipo akakata roho. Mtoto huyo, Dugald, ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa kina Stewart wa Appin.

Kisa ambacho kila mgeni hurudi nacho, hata hivyo, ni cha mwaka 1620 hivi. Mkuu wa ukoo wa wakati huo, akiwa amelewa, aliwekeana dau na Campbell wa Airds, na ngome ikabadilishwa kwa mashua ya makasia manane. Pombe ilipomtoka alitaka kurudi nyuma, lakini Campbell alikuwa ameshikilia neno. Mtu aliyetuongoza alikisimulia kisa hiki huku akicheka, kama mtu anayetaja ujinga wa babu yake mwenyewe.

Campbell huyo wa Airds ni wa ukoo uleule alimotoka Elizabeth wetu wa Campbelltown. Kwa hiyo ile nasaba iliyotupa majina ya vituo vya basi ilikuwa imeipata ngome yake kutoka kwa ukoo mwingine. Kina Stewart hawakusahau. Waliirudisha kwa nguvu wakati wa vita vya kugombea kiti cha ufalme, wakaipoteza tena mwaka 1690. Katika uasi wa mwaka 1745 hadi 1746 walikuwa upande wa Mwanamfalme Charles Stuart, aliyekipigania kiti hicho, huku kina Campbell na askari wa serikali wakiwa ndani ya mnara. Kina Stewart wakaupiga mizinga, lakini mizinga yao ilikuwa midogo mno kuutikisa.

Uadui haukuishia hapo. Mwaka 1752 Colin Campbell wa Glenure, aliyekuwa akisimamia mashamba waliyonyang'anywa wafuasi wa uasi, alipigwa risasi karibu na hapo. Akanyongwa James Stewart, na wengi mpaka leo wanaamini hakuwa yeye aliyefyatua. Robert Louis Stevenson, mwandishi yuleyule wa Kisiwa chenye Hazina, alikitia kisa hicho katika riwaya yake Kidnapped ya mwaka 1886.

Kina Campbell walipojijengea jumba la kukalika bara, mnara wao ulianza kupuuzwa. Kufikia mwaka 1840 hivi paa lilikuwa limeanguka. Mwaka 1908 Stewart mmoja, Charles Stewart wa Achara, aliununua na kuzuia usibomoke zaidi. Mwaka 1965 ukaingia mikononi mwa Luteni Kanali Stewart Allward. Yeye na mkewe, watoto na marafiki waliujenga upya kwa karibu miaka 10, wakivusha mawe, mbao na saruji kwa mashua. Paa lililotufunika siku ile ni kazi ya mikono yao.

Ukoo ni nini hasa

Msomaji wa pwani hahitaji kufundishwa ukoo. Mombasa tuna Thenashara Taifa, na mtu ukimtajia jina la babu anakuambia mtaa aliozaliwa. Ukoo wa Kiskoti nao ulikuwa hivyo, ila ndani yake hawakuwamo ndugu wa damu peke yao. Mkulima aliyeishi kwenye ardhi ya mkuu alilipa kodi kwake, alipigana chini yake, na mara nyingi alichukua jina lake. Mkuu naye alipaswa kumlinda, kumwamulia kesi na kumlisha wakati wa njaa. Ngome ilikuwa baraza, ghala, mahakama na gereza, vyote chini ya paa moja.

Baada ya wafuasi wa Charles kushindwa huko Culloden tarehe 16 Aprili 1746, serikali ya London iliuvunja mfumo huo. Watu wa milimani walikatazwa kubeba silaha, na wanaume wao wakakatazwa kuvaa vazi lao la miraba, marufuku iliyodumu hadi mwaka 1782. Mahakama za wakuu wa koo zilifutwa. Mkuu akageuka mwenye shamba wa kawaida mwenye madeni, na wengi waligundua kuwa kondoo wanalipa kuliko wakulima. Familia kwa maelfu ziliondolewa au zikaondoka zenyewe, zikaelekea Canada, Marekani na Australia. Mkuu wa ukoo wa Macquarie mwenyewe aliuza kisiwa cha Ulva mwaka 1777 kwa sababu ya madeni. Gavana wetu alitoka katika ukoo uliopoteza ardhi yake.

Mombasa pia walifika

Niliposimama juu ya paa, mawazo yalinirudisha Ngomeni. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, ikatekwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa karibu miaka mitatu, ikashikwa na ukoo wa Mazrui karibu karne nzima, kisha mwaka 1837 Sayyid Said bin Sultan akawatoa. Waingereza waliifanya gereza kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Mazrui waliipoteza ngome lakini hawakupotea. Profesa Ali Mazrui alipofariki Marekani mwaka 2014, mwili wake uliletwa Mombasa ukazikwa katika makaburi ya ukoo, jirani na ngome ile waliyotolewa.

Na Argyll nayo ilitufikia. William Mackinnon, aliyeanzisha kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani na bara yetu kuanzia mwaka 1888, alizaliwa mwaka 1823 katika mji uitwao Campbeltown, mji mwingine wa kina Campbell, kusini mwa Argyll hiyohiyo. Kila aliyesafiri barabara ya Mombasa kwenda Nairobi anapajua Mackinnon Road, kwenye msikiti wa Sayyid Baghali kando ya reli, ambapo madereva husimama kusali na kutoa sadaka. Jina la kituo hicho ni la Mackinnon huyo. Nilipomweleza shemeji alitikisa kichwa akasema, "Shemeji, wewe umewakimbia hawa Mombasa ukawakuta Sydney."

Appin ya pili

Castle Stalker ilinifunza jambo moja. Pale, hakuna anayeona haya kusema nani alimtoa nani. Mwongozaji anaanza na kina Stewart, anafika kwa kina Campbell, anarudi kwa kina Stewart, na wageni wa koo zote mbili wamesimama ukumbi mmoja wakisikiliza. Historia ya kunyang'anyana ndiyo wanayoiuza pamoja na tikiti.

Appin ya kwetu inahitaji kusimuliwa kwa uwazi huohuo. Kabla ya jina hilo kuletwa, nchi hii ilikuwa, na kwa wenyewe ingali, ya Wadharawal. Walowezi walipojaza mashamba yao humo, ukaja ukame, ugomvi wa mahindi na mauaji ya pande zote mbili. Aprili 1816 Gavana Macquarie alituma askari. Amri yake ilikuwa wenyeji wakamatwe, na wanaume watakaopinga au kukimbia wapigwe risasi, maiti zao zitundikwe mitini ili wengine waogope. Charles Throsby, mlowezi wa Glenfield, vituo viwili tu kutoka Ingleburn, alipinga akisema kwamba Wadharawal aliowajua hawakuwa na hatia.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili, kikosi cha Kapteni James Wallis kilivamia kambi karibu na Appin. Watu walikimbilia gizani, wengine wakapigwa risasi, wengine wakaanguka kwenye magenge ya mto Cataract. Waliouawa hawakupungua 14, wakiwemo wanawake na watoto. Fuvu la shujaa mmoja, Cannabaygal, pamoja na mengine mawili, lilisafirishwa mpaka Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, na wataalamu wa zama hizo wakalichunguza kama kitu cha maonyesho. Mafuvu hayo yalirudishwa Australia mwaka 1991. Mwaka 2022 eneo la mauaji liliandikwa katika orodha ya urithi ya jimbo la New South Wales.

Kaburi la Macquarie liko kisiwani Mull, mahali paitwapo Gruline, na jiwe lake linamtaja kuwa Baba wa Australia. Alijenga hospitali na barabara, na aliwapa wafungwa waliomaliza vifungo nafasi ya kuwa watu tena, jambo lililowaudhi matajiri wengi. Yote hayo ni kweli. Amri ya Aprili 1816 nayo ni kweli, na ilitiwa saini na mkono uleule uliogawa majina ya vituo vyangu.

Kwa anayetaka kwenda

Mwenye nia ya kuiona Castle Stalker aweke nafasi miezi kadhaa kabla, avae viatu visivyoteleza, na ajue kwamba ngazi zake hazimfai mwenye magoti mabovu. Asiyepata nafasi ataiona vizuri kutoka mgahawa ulio juu ya barabara, au kutoka njia ya baiskeli inayofuata ilikopita reli ya zamani iliyofungwa mwaka 1966. Anayetaka ngome rahisi kuingia apande feri kutoka Oban hadi Craignure, mwendo usiofika saa moja, akatembelee Duart, ngome ya kina Maclean. Wao pia walipoteza yao kwa kina Campbell, kwa madeni, mwaka 1691. Mkuu wao Sir Fitzroy Maclean aliikomboa mwaka 1911 akiwa na miaka 76 na kuiezeka upya, akaishi hadi akatimiza miaka 101. Duart hufunguliwa kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli.

Ukifika ngome yoyote, swali la nani aliyeijenga utajibiwa kabla hujauliza. Wewe uliza nani aliyetolewa, na wajukuu wake wako wapi leo. Na kwa jirani zangu wa Ingleburn na Minto wasio na nauli ya Uskoti: kila Aprili watu hukusanyika kwenye bwawa la Cataract, nje kidogo ya Appin, kuwakumbuka waliouawa. Hakuna tikiti, na kutoka kwetu ni mwendo mfupi wa gari. Jina la Appin tunalisoma kila siku kwenye mabasi. Habari zake tukazisikie kwa wenye nchi.